Mtu Aliyevaa Jezi ya Antena

Kufuli alipokuja uwanjani kwa mara ya kwanza, Jumamosi moja, alikuwa na miaka arobaini na minne na mkono wake haujawahi kugusa mpira wa kikapu. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka mstari ukasimama mbele, kama suruali ya mtu anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi, na viatu vipya vyeupe ambavyo alivitazama kila baada ya hatua mbili. Alitembea nyuma kidogo ya Antena, aliyekuwa kwenye magongo. Antena ndiye aliyemleta.

"Huyu atasimama mahali pangu," Antena alituambia. "Mpira hajui hata kidogo. Lakini ni rafiki yangu wa miaka kumi na sita, na maneno yake ni machache, hatawachosha."

Tulikuwa na shida ya mtu, tukamkubali papo hapo. Timu yetu ni ya watu wazima wa mtaani, wanaume kwa wanawake, wenye vitambi na magoti yanayolia. Tunacheza Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule, na kuna ligi ndogo ya timu nane ambayo tunaitilia maanani kuliko tunavyokubali kukiri. Nahodha wetu ni nesi wa wodi ya watoto. Mimi ni fundi vioo. Antena, kwa urefu wake, ndiye aliyekuwa akitubeba sote, mpaka siku lifti ilipomvunja mguu.

Habari za ajali ile tulizijua kama kila mtu alivyozijua. Antena na Kufuli walikuwa mafundi wa lifti katika kampuni moja, na siku hiyo walikuwa wakifanya matengenezo kwenye jengo la ofisi la ghorofa kumi. Antena alishuka shimoni, kule chini kabisa ambako lifti huishia. Kufuli alisimama kwenye mlango wa ghorofa ya chini. Msimamizi wao alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: anayeshuka anapaza sauti, "Niko chini," aliye mlangoni anasikia na kumjulisha wa juu kwa redio ya mkononi, na lifti haisogezwi mpaka aliye shimoni atoke. Siku hiyo lifti ilisogezwa. Ilishuka polepole, wala si mbali, Antena akajirusha pembeni, lakini mguu wa kulia ukabaki. Ripoti ya kampuni ilisema fundi alishuka shimoni bila kutoa taarifa. Yaani Antena hakuita. Barua ya onyo ilimkuta bado yuko hospitalini, mguu umening'inizwa.

Kufuli akaanza kujifunza mpira. Antena aliazima kiti cha plastiki kwa mlinzi wa shule, akakaa kando ya mstari, magongo yamelala miguuni, akawa mwalimu wake. Mimi nimefundishwa na watu wengi maishani, lakini sijaona mtu akifundishwa kwa upendo kama ule. Alimwambia asisimame kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Alimwambia akunje magoti, afungue mikono, aache kuomba radhi kila anapomgusa mtu. Alimvua fulana aliyokuja nayo na kumpa jezi yake mwenyewe, ambayo kwa Kufuli ilifika karibu na magoti, tukamtania kwamba amevaa gauni.

Mikono yake ilijua spana na nyaya, haikujua mpira. Wiki ya kwanza mpira ulimpiga usoni mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anautazama. Wiki ya pili alitembea nao hatua nne bila kuudunda, filimbi ikalia, naye akamkabidhi refa mpira kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Hata refa alicheka. Kufuli aligundua kwamba mwilini mwake mna misuli ambayo hakuwa amewahi kupata habari zake. Mke wake alimwambia mke wangu kwamba kila Jumapili mumewe alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta.

Lakini hakukosa hata siku moja. Asubuhi, kabla ya kazi, alipita uwanjani na kurusha mpira mara mia. Nahodha alimfundisha kudunda bila kuutazama, maana anayeutazama mpira hamwoni mwenzake, naye alizunguka uwanja peke yake macho yamekodolea paa la shule, mpira ukimtoroka kila mara. Tulimsifu kwa bidii. Sasa nikikumbuka naona hakuwa na uso wa mtu anayecheza. Hakuwahi kufurahi mpira ulipoingia. Aliuokota tu, akarudi kwenye mstari, akarusha tena, kama mtu aliyehukumiwa na mahakama kurusha mia.

Miezi mitatu ilipopita, tulimweka nyuma, chini ya kikapu chetu, na hapo akafaa. Alikuwa na macho makali na hakudanganyika na ujanja wa miguu. Ila kuna jambo moja la mchezo huu ambalo asiyecheza halijui. Unapomkaba mchezaji huku unarudi nyuma, mwenzake anaweza kuja na kusimama kimya mgongoni mwako kama nguzo, ili ujigonge kwake. Tunaita skrini. Wewe humwoni. Anayemwona ni yule aliye nyuma, na kazi yake ni kupaza sauti: skrini kulia, skrini kushoto. Kufuli aliona kila kitu na hakusema chochote.

Nahodha alimwandama kwa hilo bila kuchoka. Alimsimamisha katikati ya uwanja mtupu na kumtaka apige kelele. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Nahodha alimwambia kwamba macho yake ni mazuri lakini ni ya kwake peke yake, sisi wengine hayatusaidii.

Antena ndiye aliyemtetea. Tulikuwa tumekaa mapumzikoni, tunakunywa maji, akasema mwacheni, ndivyo alivyoumbwa. "Hata mimi mwenye domo hili," akasema, "siku iliyotakiwa, sikuita."

Hakuwa amewahi kulizungumzia. Akaendelea taratibu, akitazama mguu wake. Alisema miezi ya kwanza alikuwa anaapa kwamba aliita, tena mara mbili, kwa sababu aliisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta za shimo. Lakini rafiki yake alikuwa pale mlangoni, hatua tano tu, na hakusikia kitu. Basi labda alinuia kuita akadhani ameita. Tangu hapo hajiamini. Anarudi jikoni mara tatu kuangalia kama amezima jiko. Mke wake akimwuliza jambo, inabidi amwulize kama amemjibu au amemjibu moyoni. Na kule kazini, wanapowafundisha mafundi wapya, wanataja ajali yake kama mfano wa uzembe.

"Mtu usipojua kama umesema au umenyamaza," alisema, "umebaki na nini?"

Kufuli aliinuka akaenda kwenye bomba. Mapumziko yalikwisha, tukaingia uwanjani, naye bado alikuwa ameinamisha kichwa chini ya maji. Tulidhani ni joto.

Mechi ya wiki mbili baadaye ndiyo iliyonivunja mkono. Nilikuwa namkaba mchezaji wao mwepesi, ninarudi nyuma mbiombio, na mwenzake, mama mmoja mpana wa kifua, akaja kusimama nyuma yangu. Nilijigonga kwake kama niliyegonga mlango wa chuma, nikaanguka juu ya mkono wa kushoto, nikasikia kifundo kikilia. Nikiwa pale chini nilimwona Kufuli, hatua tatu tu kutoka kwangu. Alikuwa ameuacha mdomo wazi. Kabisa, kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Hakuna kilichotoka.

Antena alijivuta kwa magongo mpaka katikati ya uwanja. Alikuwa amekasirika kama kocha anavyokasirika, basi.

"Ulimwona," alimwambia. "Mimi nilikuwa mbali, nikakuona wewe unamwona. Kwa nini hukusema?"

Kufuli akainama, akanisaidia kuinuka.

Nilifungwa plasta ngumu kwa wiki tano. Fundi vioo mwenye mkono mmoja ni sawa na kutokuwepo. Jumatatu ile, saa kumi na moja jioni, Kufuli aliingia karakanani kwangu na ovaroli yake ya kazini, akasimama kwenye ncha ya kioo nilichokuwa nahangaika nacho, akakishika. Hakusema ametumwa na nani wala atakuja mpaka lini. Alikuja kila siku.

Kubeba kioo watu wawili si kazi ya mabubu. Kila mmoja anaona upande wake tu, kwa hiyo lazima mwambiane: kuna kizingiti, shusha kidogo, ngoja, mlango. Siku za mwanzo nilimfokea hadi koo likauma, kwa sababu alinyamaza nikajigonga kwenye meza, mara kwenye ukuta, na kioo kizima cha dirisha la duka kikapata ufa. Nilimwambia kama hataki kusema akae nyumbani kwake. Siku iliyofuata akaja akasema, "Ngazi." Neno moja. Wiki ya pili yakawa matatu, manne, na nikaanza kurudi kinyumenyume bila woga.

Alhamisi ya wiki ya tatu tulikuwa tumeegemeza kioo kikubwa kwenye fremu yake. Mimi nikaachia upande wangu. Yeye hakuachia wa kwake.

"Nilisikia," akasema.

Nikamwuliza alisikia nini.

"Antena aliita. Nilimsikia kama ninavyokusikia wewe."

Akanieleza akiwa bado ameshika kile kioo, akizungumza nacho badala ya mimi. Asubuhi ya ajali, msimamizi alimkaripia kwenye redio, mafundi wote wakisikia, kwamba anajaza hewa kwa maneno yasiyo na maana. Yeye, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuambiwa anaongea sana. Ilimchoma. Akaapa moyoni kwamba siku nzima hatafungua kinywa mpaka aulizwe. Antena alipoita, alisikia, akasubiri msimamizi aulize. Msimamizi hakuuliza. Ulikuwa ni muda wa kuhesabu mpaka kumi tu, alisema, kisha kamba za lifti zikaanza kutembea.

Kwenye kikao cha uchunguzi alikuwa amejiandaa kusema. Lakini msimamizi alitangulia, akasema hakupata taarifa yoyote, na wote kwenye ile meza wakamgeukia yeye. Kikamtoka kitu kimoja tu: sikusikia. Alidhani atakwenda kurekebisha kesho yake. Kesho yake Antena akaamka kutoka kwenye upasuaji, akamwomba msamaha kwa kumsababishia usumbufu wa maswali, na tangu hapo kila siku iliyopita ililifanya neno lile kuwa zito zaidi. Antena alipomwomba ashike nafasi yake uwanjani, asingeweza kukataa hata kama angeambiwa acheze kwa kichwa.

Ningependa kusema nilimjibu kwa busara. Nilikasirika. Mkono ulikuwa unanipwita ndani ya plasta, nikamwuliza aliwezaje kuvaa jezi ya yule mtu. Nikamwambia mimi siye wa kuambiwa, na kwamba kama Jumamosi itafika hajamwambia mwenyewe, nitamwambia mimi. Nilimtishia mtu saa ileile aliyofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Ijumaa alasiri aliniomba nimsindikize. Antena alikuwa sebuleni, amefunga utepe wa mpira wa mazoezi kwenye mguu wa meza, anavuta goti kama alivyoelekezwa hospitalini. Mke wake alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Alitaka kutupisha, Kufuli akamsihi abaki. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, bila kutafuta maneno, kwa sauti ya kawaida.

Antena aliuachia ule utepe, mguu ukashuka chini.

"Niliita kwa sauti?" akauliza.

"Kwa sauti."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Antena akamgeukia mke wake. "Mbili, mama watoto. Nilikuambia ni mbili."

"Uliniambia," mke wake akasema, akaisimamisha pasi.

Ndipo Antena akalia. Nilitegemea hasira, na pengine ilikuwamo, lakini kilichokuwa usoni mwake zaidi ni cha mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa, akakikuta hakijavunjika. Alijifunika macho kwa kiganja na kurudia, mbili, mbili. Hakumtazama tena Kufuli.

Aliyesema ni mke wake. Hakupaza sauti. Alimkumbusha Kufuli kwamba mwaka mzima amekula kwenye meza ile kila Jumapili. Kwamba siku ambazo mguu ulikuwa hauwezi kukanyaga, yeye ndiye aliyembeba mumewe kumpeleka chooni.

"Ulikuwa unambeba," akasema, "na ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Toka, shemeji."

Njiani Kufuli aliniambia kwamba kilichomuuma kuliko vyote ni kuitwa shemeji hata katika kufukuzwa.

Jumatatu aliandika barua kwa kampuni, kurasa mbili kwa mkono wake. Msimamizi alisema mtu huyu amechanganyikiwa, kisha akaacha kusema, kisha akahamishwa. Ripoti iliandikwa upya. Barua ya onyo ikatolewa kwenye faili la Antena, na wakamweka awe yeye anayewafundisha mafundi wapya mambo ya usalama. Kufuli alisimamishwa kazi miezi miwili, halafu akapelekwa kwenye bohari ya vipuri, asiguse tena lifti. Yeye hakulalamika. Aliyelalamika ni mke wake, tena kwangu, kwamba nilimsukuma mumewe ajichimbie kaburi la kazi yake. Kwa muda mrefu alimpita mke wangu sokoni bila salamu.

Jezi aliifua, akaikunja ndani ya gazeti na kumpa Nahodha aifikishe kwa mwenyewe. Siku hiyo tulikaa kikao kwenye ngazi za shule, yeye akisubiri kule getini. Wapo waliosema aende zake, maana watachezaje na mtu wa namna hiyo mgongoni mwao. Nahodha alinigeukia mimi, kwa kuwa mkono uliovunjika ni wangu. Nilisema sijui, na ndiyo ilikuwa kweli. Mwisho tukakubaliana kwamba atacheza mpaka siku Antena atakaporudi kwenye kiti chake na kusema hamtaki. Antena hakurudi. Kiti kikabaki kwa mlinzi.

Kufuli alicheza msimu uliobaki na fulana nyeupe isiyo na namba, na alisema. Alisema vibaya. Aliita skrini ambazo hazipo, aliita kulia ikiwa kushoto, sauti ikikwaruza kama mlango wa stoo, na wapinzani wakamwigiza. Sisi hatukucheka. Tulimaliza wa saba kati ya timu nane. Alifunga vikapu viwili kwa msimu mzima, kimoja kikiwa ni pasi iliyopotea njia. Siku moja nilimwuliza mpira umempa nini. Alinijibu kwamba alikuja akidhani utamchosha kiasi cha kupata usingizi, na haukumchosha kiasi hicho.

Mwezi uliopita niliitwa kubadilisha kioo cha ndani ya lifti kwenye ofisi za kampuni yao. Kilikuwa kizito, nimekizungushia blanketi, na Kufuli akatoka bohari kunisaidia kukipandisha hadi ghorofa ya tisa. Ghorofa ya tatu milango ikafunguka, na Antena alikuwa amesimama pale, fimbo mkono mmoja, mafaili kwapani. Alituona. Nilidhani atasubiri tupite, lakini mguu ule haumruhusu kusimama sana. Akaingia. Hapakuwa na nafasi, ikabidi asimame ametugeuzia mgongo, karibu kabisa na mlango. Nilimsalimia, akaniitikia mimi.

Tukapanda. Kwenye ghorofa ya tano pakaanza mlio mwembamba, unakuja na kupotea.

"Gurudumu la pembeni," Antena aliuambia mlango.

Nilitazama namba za ghorofa zikibadilika.

"La kushoto," Kufuli akasema.

Antena alisikiliza ghorofa nzima.

"La kushoto," akasema.

Kwenye ya nane alishuka, akitanguliza fimbo, na hakugeuka. Milango ilipojifunga, Kufuli aliniomba nishike sawasawa upande wangu wa kioo.